Matanga ya Miaka Minne

Mwalimu Ephraïm aliandika ubaoni maneno sita ya Kiingereza, yote ya kuacha au kumaliza: stop, finish, end, quit, close, give up. Akasema Waingereza wenyewe wanayo mengi zaidi, lakini kwa watu wa mtaa wa Rwambuzi sita yanatosha kwa kuanza.

Darasa lilikuwa la jioni, katika sali, ukumbi wa kanisa, watu kumi na wawili kwenye benchi tatu. Ilikuwa mwaka wa 2007. Amani ilikuwa imeleta mashirika mjini, na mashirika yalitafuta wafagiaji na wapishi wanaojua kujibu salamu. Kila mwanafunzi alipewa neno moja, na kila Ijumaa alitakiwa kuleta sentensi. Mwalimu alikuwa na sheria moja tu: sentensi iwe ya kweli. Alichoka kusahihisha madaftari ya watu walioandika kwamba wana magari.

Mama Madeleine, muuza vitenge aliyehamia kutoka Butembo, alipewa stop. Akaandika kwamba ameacha kuongea na wifi yake tangu Pasaka. Mwashi mmoja aitwaye Kule alipewa finish, akaandika kwamba amemaliza ukuta wa choo. Mzee Jean-Pierre aliinua mkono akauliza vita vinachukua neno gani kati ya hayo sita. Mwalimu aliutazama ubao kwa muda.

"Vita tuache kwanza," alisema. "Sheria ni ukweli."

Bibiane alipewa end. Mwalimu alimweleza kwamba hilo ni la mtu anayekifikisha kitu mwisho kwa kusudi, kama mwenye mkutano anavyosimama na kuufunga. Ijumaa tatu Bibiane alisimama na kusema, "Bado, Mwalimu," kwa sauti iliyofika benchi lake tu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Shule aliiacha mwaka wa nne wa msingi, au tuseme shule ndiyo ilimwacha, siku mabati yake yalipobebwa na waporaji. Vyote vilivyokwisha maishani mwake vilikwisha bila kumwuliza. Na kile kilichopaswa kwisha, nyumbani kwao, kilikuwa kinaendelea.

Baba yake, Michel, aliuawa mwaka wa 2003, akazikwa mbio nyuma ya nyumba ya jirani, na waliomzika wakakimbia na udongo mikononi. Watu waliporudi mjini, mkewe Immaculée alitandika mkeka, akakaa matanga. Kwao matanga hayaishi yenyewe. Lazima mtu mzima wa nyumba ile, asiye mjane mwenyewe, asimame na kusema mbele ya watu kwamba yamekwisha. Asiposema, mjane haoshwi kuondolewa msiba, hasuki nywele, haendi sokoni, halali kitandani. Moto wa uani hauzimwi, na waliokuja kulia wanapewa chakula.

Aliyekuja kulia alikuwa Jérôme, mdogo wa marehemu, kutoka Aveba, na begi la siku tatu. Bibiane wakati ule alikuwa mtoto, hakuwa na neno la kusema. Jérôme naye alisema hawezi kufunga matanga peke yake; wazee wa ukoo watoke Aveba. Wazee wakapanga siku, risasi zikalia njiani. Wakapanga nyingine, zikalia tena. Baada ya hapo risasi hazikungoja hata siku ipangwe. Kwa miaka minne Jérôme aliulinda moto ule bila kukosa hata usiku mmoja, akaota kitambi. Kila akishakula alinawa mikono na kusema, "Ndugu yangu aliniachia kazi nzito."

Chakula kilitoka kwa Bibiane, aliyefua nguo za watu huko Shari. Hilo hakulilalamikia. Kilichomtisha kilikuwa magoti ya mama yake. Immaculée, aliyekuwa akiuza samaki wakavu toka asubuhi hadi jioni akiwa wima, sasa alishika ukuta ili ainuke, na mwezi ule alianza kuona afadhali asiinuke kabisa.

Ijumaa ya nne mwalimu aliita, "Bibiane. End."

Bibiane alisimama. Alikuwa ametayarisha "Bado". Kinywani kikatoka kitu kingine, cha Kiingereza kitupu isipokuwa neno moja: I ended the matanga of my father, nimeyafunga matanga ya baba yangu.

Benchi zote ziligeuka.

"Ni kweli?" aliuliza mwalimu.

Kukana mbele ya watu kumi na wawili kulihitaji sauti kubwa kuliko aliyokuwa nayo. "Ndiyo," alisema, akakaa.

Mama Madeleine, ambaye ua wake uligusana na wa kina Bibiane, na ambaye asubuhi ileile alikohoa moshi wa moto wa matanga, alimtazama mpaka darasa likaisha. 

Kesho yake asubuhi Mama Madeleine alisimama uani kwa kina Bibiane na wanawake wanne wa darasa, na sabuni, na kidumu cha maji, na kitenge kipya.

"Hodi! Tulikuja kuosha mama."

Jérôme hakuinuka kitini. "Kumuosha ya nini? Matanga iko."

"Ilikwisha jana, baba. Mutoto wa marehemu alisimama, akasema mbele ya batu. Mi nilikuwa pale."

"Alisemea wapi?"

"Ku sali ya kanisa."

"Kwa luga gani?"

"Kwa Kiingereza."

Jérôme alicheka mpaka akagundua kwamba anacheka peke yake. "Kiingereza si luga ya matanga! Marehemu hakuijua!"

"Ni weye ulitwambiaka kila siku: mutu wa nyumba aseme mbele ya batu. Luga haukutaja."

"Na batu ya Aveba? Habakusikia!"

"Batu ya Aveba banasikia masasi tu. Kama iko na neno, bakuje baseme. Tutabapikia."

Jérôme alimgeukia Bibiane. "Mutoto, ni kweli ulisema vile?"

Wote walimtazama. Angeweza kujibu kwamba ilikuwa kazi ya darasa. Lingekuwa jibu la kweli, na mwalimu angelipenda. Lakini juu ya mkeka mama yake alikuwa ameinua kichwa.

"Nilisema," alijibu Bibiane. "Na sasa minasema tena. Matanga ya baba imekwisha."

Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi waliokuwa mbele wawaambie waliokuwa nyuma.

 Immaculée alinyoosha mikono yote miwili. "Munisimamishe," alisema.

Wanawake walimpeleka nyuma ya nyumba kumwosha. Mwanamke mmoja alimpa Jérôme ndoo.

"Mimi njo nizime?"

"Nani mwingine? Si weye mulinzi?"

Aliumwagia moto maji kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Ulipokufa, aliuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Mama Madeleine alimweleza kwa heshima kwamba mgeni wa matanga analishwa mpaka siku ya kufunga, na siku ya kufunga ilikuwa jana. Jérôme akaenda kutafuta begi lake. Alichukua muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka lilikowekwa, hata yeye mwenyewe.

Immaculée alirudi amevaa kitenge kipya, amenyolewa kichwa. Jua lilimsumbua macho.

"Fasi yangu ku soko," alimwambia binti yake. "Nani iko pale?"

"Ni Bernadette, mama. Tangu zamani."

"Bernadette wa chumvi?"

"Njo yeye."

Immaculée alivuta pumzi, akaita, "Bernadette!" ingawa soko lilikuwa mbali. Sauti ilikatika katikati, kuku mmoja akakimbia. Akakohoa, akaita tena. Ya pili ilikuwa nzuri kidogo. Ndipo alipomshika Bibiane bega, wakatoka barabarani polepole kuelekea sokoni, mama akiliita jina lile njia nzima.