Maji Yaliyokula Shaba

Mimi Bertin, hasira yangu inajulikana hapa Likasi tangu shule ya msingi, siwezi kuificha. Kwa hiyo mashini ilipojizima mara ya nne asubuhi ile ya Alhamisi, nilitukana wote: aliyeniuzia kule Lubumbashi, umeme, hata paka wa jirani ambaye hakuwa amekanyaga pale.

Ni ordinateri, kompyuta ninayotengenezea filamu za ndoa na vilio vya matanga. Inapozwa kwa maji. Pompi ndogo inayasukuma kupitia mirija ya plastiki hadi kwenye kipande cha shaba kilicholala juu ya ubongo wa mashini, yanabeba joto, yanarudi kwenye feni. Safari hii haikuwa ndoa ya mtu. Jumapili tulikuwa tunamaliza kilio cha baba yangu, Damas, na ndugu wa Kapolowe wangekuja wote kumwona kwenye filamu katika ukumbi wa parokia. Baba alikubali kamera mara moja tu maishani, akiwa mgonjwa tayari, na sauti yake ilimezwa na kelele za jenereta. Mama yangu, Madeleine, aliniomba kitu kimoja: ayasikie maneno yale kabla ya kuvua nguo nyeusi. Kusafisha sauti kulihitaji saa mbili. Mashini ilikuwa ikifanya kazi dakika kumi, inafika digrii tisini na nane, inazima.

Nikameza kiburi, nikamwita mama mudogo Orpha, mdogo wake mama, aliyefanya kazi miaka ishirini na saba katika laboratwari, maabara ya kiwanda cha shaba. Ordinateri hazijui. Maji anayajua.

Tuliyamwaga, tukafungua kile kipande cha shaba. Mungu wangu. Ndani kulikuwa na mifereji myembamba kama unywele, mamia kwa mamia, yote imenyooka. Mimi niliyezaliwa juu ya shaba sikuwahi kuona shaba imechongwa hivyo, na nilisahau kabisa kwamba nina hasira. Lakini nusu ya mifereji ilikuwa imezibwa na ukoko wa kijani. Mama mudogo akaukwangua kwa ncha ya kisu, akauweka kiganjani, akautazama sana. Ilikuwa rangi ileile ya mawe yanayochimbwa Kamatanda.

"Shaba yako inarudia kuwa jiwe," akasema. "Siye tunatia asidi, tunatia umeme, tunaitoa mu jiwe. Mayi yako inairudisha kwao."

Viwanda vizima, watu maelfu, maisha yote ya mji huu, na chini ya meza yangu maji kikombe kimoja yalikuwa yanaifuta kazi hiyo kimyakimya.

Akaniuliza nilitia dawa gani. Nikamletea kichupa kilichokuja na mashini, bado kimefungwa. Niliona ni kitu cha bluu, nikadhani ni rangi ya mapambo, nikatia maji ya betri matupu. Akanicheka bila huruma. Kiwandani, alisema, hawakupitisha maji kwenye bomba bila dawa: matone machache yanaivisha shaba nguo isiyoonekana, isiliwe, na ute usiote. Hata hivyo hakuridhika. Maji ya betri peke yake hayana njaa ya namna hiyo. Akachovya kidole akaonja, jambo ambalo laboratwari ingemfukuzia.

"Iko na mumunyu," akasema.

Chumvi? Nani anatia chumvi ndani ya ordinateri? Nikaanza kufoka upya, nikageuka, nikamkuta mama mlangoni. Mkononi alikuwa na chupa ya maji ya baraka, na padri wetu huyabariki kwa chumvi. Tangu wiki ya kwanza ya kilio, kila asubuhi nikienda kununua mkate, mama alikuwa akifungua kifuniko cha maji ya mashini na kutia matone mawili matatu.

"Baba yako iko mule ndani," akasema. "Niliona mayi inapunguka. Nikasema asikose."

Niliona haya.

Tulisugua shaba kwa ndimu na mswaki hadi ikawa nyekundu. Tukaisuuza, tukatia maji mapya, na mama mudogo akatia dawa huku akihesabu matone kwa sauti. Nikawasha. Digrii hamsini. Hamsini na mbili. Ikakaa hapo. Tulisimama watatu tukitazama mirija, hakuna aliyethubutu kukaa. Nusu saa, saa nzima, hamsini na mbili. Matone machache tu ya dawa, na shaba yote imetulia.

Saa ya pili ilipotimia, baba akasema, sauti safi: "Madeleine, ulinichunga muzuri. Usilie sana."

Mama hakulia. Alinyoosha mkono, akashika mrija unaotoka kwenye shaba.

"Iko na joto," akasema. "Kama mukono yake."

Hakuuachia. Sauti ilikuwa imeshasafishwa, hakukuwa na kazi iliyobaki. Nikaianzisha yote upya tangu mwanzo, saa mbili nyingine, mashini isipoe.