Ukumbi Usio na Ngazi

1.

TANGAZO. Uongozi wa kundi la Nyota Tano, wachezaji wa miziki ya Kikorea, Morogoro, unasikitika kutangaza kifo cha msanii wake REDEMPTA MKUDE (19), kilichotokea baada ya kuteleza kwenye ngazi za ukumbi wa mazoezi. Nafasi yake imeshajazwa. Onyesho la Jumamosi liko palepale.
Fulgensi Lubasi, Mkurugenzi.

2.

Asteria Mkude, dada wa marehemu, alilisoma tangazo hilo mlangoni kwa mwajiri wake. Mwajiri wake ni huyohuyo Lubasi. Chumba cha mbele anawachezesha wasichana, chumba cha nyuma Asteria anatia sauti ya Kiswahili kwenye sizoni za Kikorea zinazoonyeshwa kwenye vibanda umiza, mabanda ya video ya mji mzima.

Na tusidanganyane: Asteria hajui Kikorea hata cha kuombea maji. Anatazama midomo, anatazama macho, anatunga. Watu wanamwamini yeye kuliko picha yenyewe.

3.

KANUNI ZA NYOTA TANO (ukutani, mwandiko wa Lubasi)

Tabasamu ni kazi.
Mdogo kuliko wote huinama zaidi, kama hukohuko Korea.
Atakayekosea hatua ataadhibiwa mpaka

(Hapa kuna doa. Limesuguliwa kwa sabuni ya unga. Halijatoka.)

4.

 

 

5.

Mashabiki huwaita kwa mpangilio wa mstari, ndiyo desturi ya miziki ile:

Vumi!
Joha!
Leila!
Redempta!
Pili!

Jumamosi msichana mpya alisimama nafasi ya nne. Watu wakaita vilevile. Msichana mpya alitabasamu huku machozi yakimtoka, maana tabasamu ni kazi.

6.

Vumi, kiongozi wa kundi, alimkuta Asteria uani akimenya ndizi.

"Dada, niliweka saini polisi."

"Ya nini?"

"Kwamba Rede aliteleza kwenye ngazi. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu."

"Kumbe ikawaje?"

"Alikosea kugeuka. Bosi akachukua stendi ya maiki. La kwanza la bega. La pili la shingo. Dada, Rede alikuwa bado anatabasamu! Akaniangalia, eti nimhesabie hatua. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu…"

Kisu kilikuwa kimeingia kwenye kidole cha Asteria naye hana habari.

"Vumi. Ule ukumbi una ngazi?"

Vumi akatikisa kichwa. Ukumbi uko chini, unatoka barabarani unaingia. Wewe msomaji umelijua hilo kwa dakika mbili. Polisi hawajalijua mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyekwenda kutazama.

7.

Polisi Morogoro, kwa Asteria Mkude. YAH: MALALAMIKO YAKO. Jalada limefungwa. Mlalamikaji anashauriwa kuleta ushahidi mpya.

8.

Kila mtu pale kazini anajua tabia ya Lubasi. Sizoni ikishatiwa sauti, husikiliza dakika kumi za mwanzo za kila kipindi, kwa sababu humo ndimo anamosalimiwa: "Salamu za pekee kwa Mkurugenzi!" Akishasalimiwa, anavua spika za masikioni, anakwenda kula.

Ikaja sizoni mpya. Vipindi kumi na sita, Seoul, mwimbaji wa kundi la wasichana kauawa, mpelelezi anamsaka muuaji.

Kipindi cha 1, dakika ya 11: "Marehemu alikuwa wa nne kwenye mstari. Shikeni hilo."

Kipindi cha 6, dakika ya 20. Mpelelezi anafungua friji. Labda anatafuta maziwa. Kwa Kiswahili cha Asteria alisema: "Damu haitoki kwa sabuni ya unga."

Kipindi cha 11. Muuaji anampiga mtu nyundo. Asteria hakutafsiri. Alihesabu tu.

9.

(kibandani, benchi la nyuma)

"Mbona hii sizoni kama ya hapahapa?"

"Nyamaza wewe, staringi anaongea."

10.

Kipindi cha mwisho kilionyeshwa Jumamosi alasiri, kibanda kimefurika. Lubasi alialikwa mgeni rasmi, akapewa kiti chenye mgongo. Aliposalimiwa aliinuka akapunga mkono. Kwa mara ya kwanza ikambidi aisikie dakika ya kumi na moja.

Asteria alisimama mlangoni kwa ndani, mlango ameutia komeo Lubasi asitoroke. Alikuwa na lengo moja: watu wasikie, kisha Vumi atangulie kufuta saini yake, waende wote kituoni na Lubasi akiwa mzima. Hakuwa na jingine. Naapa hakuwa na jingine.

Dakika ya hamsini na nane, mpelelezi akanyoosha kidole:

"Ukumbi ule hauna ngazi, Fulgensi Lubasi. Redempta Mkude ulimuua wewe, kwa stendi ya maiki."

Vichwa vikamgeukia Lubasi.

Halafu nyuma kabisa, sauti moja:

Vumi!

Wengine wakadakia:

Joha!
Leila!

REDEMPTA!

REDEMPTA!

Mabenchi yakanyanyuka.

11.

Lubasi alifika mlangoni mdomo umepasuka, jino limening'inia.

"Asteria, mwanangu, fungua. Nitasema. Polisi nitasema kila kitu."

Mguu wa benchi ukamshukia begani. Mfupa ukalia.

"Moja," akasema Vumi. Alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililomtisha Asteria kuliko damu.

12.

Akimfungulia, huenda akakimbia, na mtu mwongo ana miguu mingi. Asipomfungulia, atakufa hapahapa, na kwenye makaratasi Redempta atabaki ameteleza kwenye ngazi milele. Jalada lilitaka ushahidi mpya. Ushahidi umempigia magoti, unamshika sketi.

Benchi likamshukia shingoni.

"Mbili."

Kwenye kioo cha runinga mpelelezi alikuwa bado anaongea, kwa sauti ya Asteria, akiwaambia watu watulie, kesi imekwisha. Hakuna aliyemsikiliza.

Komeo lilikuwa la moto mkononi.

"Tatu," akasema Vumi, na Asteria akalivuta komeo.