Makaburi Mawili ya Singe

Yoakimu alikuwa akipalilia mahindi pale Singe mgeni alipofika. Gisela alikuwa mama mtu mzima kutoka Ujerumani, na Kiswahili alikijua tangu ujana wake, alipokuwa muuguzi Moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kumchukua babu yetu Lindner, aliyezikwa hapa, nimrudishe nyumbani. Kibali ninacho."

Yoakimu aliweka jembe chini. Habari za Lindner alizipata kwa baba yake. Mzungu yule, mtoto wa fundi saa, aliwaacha wenzake wazeeke mjini kwao, yeye akatua Pangani. Akaajiri wapagazi, akapanda bara kutafuta maziwa ambayo ramani zao hazikuwa nayo. Alivuka mbuga za Wamasai akichechemea, akizika watu njiani. Alipoliona Ziwa Babati, ambalo lilikuwa na wenyewe tangu enzi na enzi, homa ilikuwa imemmaliza. Wapagazi wakamleta kwa machela hapa hapa, kwa akina Yoakimu. Bibi wa nyumba akamnywesha uji kama mwanawe. Alipozidiwa aliita, "Mama! Mama!" Neno hilo halikuhitaji mkalimani.

"Twende nikuonyeshe," Yoakimu alisema.

Katikati ya mahindi palikuwa na marundo mawili ya mawe. Gisela alishtuka.

"Mbona mawili?"

"La pili ni la mpagazi aliyembeba. Homa ile ile, wiki ile ile."

"Lipi ni la Lindner?"

"Hatujui, mama. Baba aliyapalilia yote, na mimi hivyo hivyo."

"Wataalamu wanaweza kupima mifupa," Gisela alisema.

"Wanaweza." Yoakimu hakutaka kumuudhi, lakini moyo ulimsukuma. "Na huyu mwenzake atabaki peke yake?"

"Aliitwa nani?"

"Jina limepotea. Wazee walisema tu alitoka Unyamwezi."

Upepo ukapita kwenye mahindi. Gisela alifuta machozi kwa kiganja.

"Kwetu hakuna hata mmoja aliyemjua akiwa hai," alisema. "Nyinyi mmekaa naye miaka yote hii. Acha abaki."

Hapo ndipo Yoakimu alipotambua kwamba muda wote alikuwa na hofu ya kunyang'anywa.

Mkewe, Evangelina, aliwaita kutoka nyumbani: makande yameiva. Lakini Gisela alikuwa ameshachuchumaa, anang'oa magugu. Alianzia kaburi lililokuwa karibu naye.