Dakika Ishirini za Mkurugenzi

Mshona viatu alikuwa na ugomvi na kila aliyekalia kiti cha kuzunguka. Mkewe alifia hospitali hii hii, barua yake ya rufaa ikiwa imegongwa mhuri na mkurugenzi bila kusomwa: mgonjwa wa moyo, akapelekwa kwa daktari wa meno. Leo kamleta mjukuu. Tangu pikipiki imgonge, mwalimu mkuu anadai mtoto hashiki kitu, arudishwe madarasa mawili nyuma, isipokuwa barua ya mtaalamu iseme vinginevyo.

Mtaalamu alikuwa mwanasaikolojia, mama mwembamba aliyesomea ubongo wa watoto miaka kumi na miwili. Wakubwa wakamtunuku chumba kilichokuwa stoo ya mashuka.

Alimsomea mtoto maneno kumi na matano: ngoma, pazia, kengele… "Sasa tupange vibao dakika ishirini, halafu nitakuuliza maneno yangu. Na wewe mzee, tulia kama maji mtungini."

"Nimezoea, Daktari. Hapa hakuna aliyewahi kuniuliza kitu."

Hata kibao cha tatu hakijakaa, mlango ukafunguliwa bila hodi. Mkurugenzi, wageni sita, na kamera.

"Hapa ndipo tunapochunguza ubongo!"

"Samahani, niko katikati ya kipimo…"

"Endeleeni, endeleeni!" Akaanza kuhutubia. Mikakati, mwelekeo, maboresho. Mtoto akamkodolea macho, vibao mkononi. Bwana mkubwa alipotoka, dakika ishirini zilikuwa zimekwisha.

Daktari akajishika kichwa. "Maneno yake yameingilia yangu. Na kipimo hiki hakirudiwi mpaka mwakani, maana tukikirudia mapema mtoto atakuwa keshakizoea."

"Si nilijua! Walianza na bibi, sasa wamemfuata mjukuu."

"Ngoja tujaribu, mzee. Haya mwanangu, yale maneno yangu?"

"Ngoma, pazia, kengele…" Akataja kumi na matatu.

"Na yule baba, alisema nini?"

Mtoto akafikiri mpaka akakunja uso. "Alisema… endeleeni."

Daktari akainama kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake, mabega yakimcheza.

"Kichwa kizima hicho," babu akasema. "Kinajua cha kutupa."

Barua ikaandikwa: mtoto abaki darasani kwake. Na kwa kuwa kasoro ya kipimo lazima itajwe, ikaongezwa: "Amefaulu licha ya mkurugenzi kuvamia chumba na kuhutubia dakika ishirini."

"Daktari, lakini mhuri anao yeye!"

"Ndiyo, mzee. Nenda tu."

Mzee akaenda, barua mkononi. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, anasimulia ziara ilivyofana. Mkono wake ukapapasa, ukaupata mhuri. Pwaa! Macho hayakushuka hata mara moja.

Mkono ule ule. Mhuri ule ule.

Kwenye ngazi za nje mzee akatema mate, kama afanyavyo kila akipita hapo, kwa ajili ya mkewe. Kisha akaikunja barua, akamshika mjukuu mkono, wakakaza mwendo kuwahi kipindi cha mchana.