Shanga za Uani

Mume wangu alikuwa na tabia moja iliyonikera tangu siku za uchumba: mdomo wake ulikuwa mkebe wa vifaa. Pini, sindano, vifungo, vyote vilikaa katikati ya midomo, na ukimuuliza jambo anakujibu kwa kuguna. Nilikuwa namwambia, ipo siku utameza pini na mimi nitakupasua kwa mkasi wako mwenyewe. Alicheka kwa pembe ya mdomo, pini zikiwa palepale. Mafundi wengi ndivyo walivyo. Mimi mwenyewe, ninayeshona vifungo na kupiga pindo kwenye meza ya pili, nimo.

Kazi ile ililetwa na mwimbaji wa bendi. Alitaka gauni jeusi lenye shanga nyekundu shingoni, wekundu wa kuonekana hadi viti vya nyuma. Za dukani alizikataa zote. Mara zimepauka, mara zinang'aa kitoto. Ndipo mume wangu alipokumbuka mmea uliotambaa kwenye uzio wa uani, nyuma ya chumba chetu cha kazi. Ulikuwa umejiotea wenyewe, ukaumeza uzio mzima, ukaanza kuupanda mpapai wa jirani. Maganda yake yakikauka hupasuka na kujikunja, na ndani unakuta mbegu zimejipanga, nyekundu tupu isipokuwa jicho jeusi upande mmoja. Mwimbaji alipoziona alipiga makofi. Mume wangu akaketi nazo, sindano ameipasha moto kwenye mshumaa, akawa anatoboa moja, anapuliza unga, anachukua nyingine. Nilimsifu kwamba ana jicho la kuona mali pale wengine wanapoona kichaka.

Siku chache baadaye tumbo likaanza. Asubuhi alitapika, mchana akaharisha, jioni nikaona damu. Tulimkimbiza hospitali, mimi na wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye mtaani wanamwita Bila Sukari, na si kwa sababu ya chai. Wifi hajui kumwambia mtu neno la kumfurahisha. Siku ya harusi yetu alinitazama juu hadi chini, akasema gauni limenibana. Na lilikuwa limenibana kweli. Hiyo ndiyo shida yake, hana uongo.

Daktari wa zamu aliuliza mgonjwa amekula nini. Nikamjibu kwamba nyumba nzima tumekula chungu kimoja na sisi wengine wote tuko wima. Akasema damu ile haifanani na ya chakula kilichochacha, inafanana na ya sumu, ila ni sumu ipi hajui, na asipojua anapapasa tu. Neno sumu lilipomtoka, wifi aligeuza shingo akanitazama.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, ningepata la kumjibu. Alisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya daktari, mbele ya nesi, mbele ya kaka yake aliyelala palepale akisikia, kwamba anayepika katika nyumba ile ni mtu mmoja. Akaongeza kwamba wiki hiyohiyo tuligombana, nikamwambia mume wangu afadhali ningeolewa na kisiki. Hilo nililisema, silikatai. Hakuna mke ambaye hajawahi kusema la aina hiyo huku anakoroga chungu. Lakini likirudiwa kando ya kitanda cha mgonjwa linakuwa neno lingine kabisa.

Nilingoja mume wangu amnyamazishe dada yake. Nikangoja bure. Nikachukua kikombe cha maji, nikachota kijiko, nikakisogeza karibu na midomo yake iliyokauka. Alinitazama, akakitazama kijiko, halafu akageukia ukutani.

Naomba nieleweke. Wifi hakuniumiza, wifi ni wifi, nilimzoea. Kilichonimaliza ni ile shingo kugeuka. Miaka yote ya kulala naye kitanda kimoja, kumpikia, kumfulia, kumkuna mgongo pale mkono wake usipofika, yote iliisha kwenye kijiko cha maji.

Nesi aliniomba kwa upole nikae nje hadi mambo yapoe, na wifi akasimama mlangoni kama kufuli. Nilipokuwa kwenye korido nilijua ninachotaka. Kupona kwake niliwaachia Mungu na daktari. Mimi nilitaka mume wangu ajue kwamba si mkono wangu, na ajue akiwa bado na macho ya kunitazama.

Daktari alinifuata. "Mama, usinitajie alichokula tu," alisema. "Fikiria kila kitu alichotia mdomoni."

"Hata kama hakukimeza?"

"Hata kama alikitema."

Nilirudi nyumbani kunakucha, sina machozi, nina hasira tu. Nikamkuta mwimbaji ametuma ujumbe kuulizia gauni lake. Watu, jamani. Hata hivyo nikaketi kwenye kiti cha mume wangu ili nilimalizie, maana mikono yangu ikikaa bure navunja vyombo. Gauni lilikuwa mezani, shingo imeshonwa nusu, na pembeni kuna kisahani cha mbegu zilizotobolewa. Nilipotaka kuchukua moja, zikaja kadhaa kwa pamoja, zimegandana donge. Nikazisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kilichozigandisha kilikuwa mate yaliyokauka.

Nikamwona, kama vile bado yuko kwenye kiti kile: shavu moja limetuna, ulimi unasukuma ushanga hadi kwenye midomo, sindano inaupokea, ulimi unaleta mwingine. Alishinda hivyo kutwa. Nami nilipita mbele yake na pasi yangu mkononi mara ngapi sijui, sikuwaza lolote, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa siku zote.

Nikazibeba mbegu mbio hadi hospitali, lakini wifi hakunipisha mlangoni, nikampa daktari. Daktari hakuzijua, na alilisema hilo bila aibu. Alizipiga picha, akampigia simu mtaalamu wa kituo cha utafiti wa mimea, naye akasema picha haimtoshi. Alitaka jani, ganda na mbegu, vyote kutoka mmea mmoja, na avione kwa macho yake. Nikarudi uani na mkasi, nikakata, nikatia kwenye mfuko, nikaenda.

Mtaalamu alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, na chumba chake kilijaa majani makavu yaliyobanwa katikati ya magazeti. Hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alivaa glavu kwanza. Akakagua majani madogo yaliyopangika mawili mawili kwenye kikonyo kama unyoya, akanionyesha kwamba pale mwisho hakuna jani lililobaki peke yake. Akafungua ganda. Akaigeuza mbegu kutazama jicho jeusi limekaa wapi, akaeleza kwamba ziko mbegu nyingine nyekundu ambazo watu huzichanganya na hizi, ila hii weusi wake uko palepale inaposhikana na ganda. Nilimtazama huku nauma kucha, natamani nimtikise. Mwishoni akasema ni mturituri.

"Ikimezwa nzima mara nyingi inatoka kama ilivyoingia, gamba lake ni gumu," alisema. "Ikitobolewa ndipo sumu inapopata njia. Hizi nani alizitoboa?"

"Yeye mwenyewe."

Alivua miwani. Akampigia daktari palepale, nikamsikia akimwambia kwamba hakuna dawa ya kuivunja sumu ile, kilichopo ni kumtilia maji mwilini na kungoja. Akanigeukia, akanishauri mmea tuung'oe na mizizi yake yote, maana ukiukata unachipua, ukiuchoma moto unachipua, na ukishaingia mahali hauachi kingine kipumue. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimefurahi. Mume wangu amejitilia sumu kwa mdomo wake mwenyewe bila kujua, dawa hakuna, na mimi nilishuka ngazi za kituo kile nimefurahi, kwa sababu nilikuwa na la kumwambia.

Nilipofika wodini nesi alinipisha njia kabla sijaomba. Wifi alikuwa ameketi sakafuni nje ya mlango, yeye ambaye hata kwenye mkeka hakai mpaka aufute vumbi. Ndani, walikuwa wameshamfunika uso.

Daktari aliniambia alivyoweza. Simu ya kituo ilipoingia, mgonjwa alikuwa ameshapoteza fahamu, na hakuzinduka tena. Daktari mwenyewe alikuwa amewaeleza ndugu wote kuhusu zile mbegu, akasema nisiwe na wasiwasi, kila mtu ameelewa. Ni kweli, kila mtu alielewa. Nesi alinishika bega, shemeji zangu walinipa pole huku wanakwepa macho yangu, majirani waliofika walisema wao tangu mwanzo hawakuamini. Nilisafishwa mbele ya wote, ila yule mmoja niliyemtaka alikuwa chini ya shuka.

Nikaketi sakafuni kando ya wifi. Aliniambia amenikosea. Nikamwambia hilo tutalizungumza mwaka mwingine, kwa sasa nina swali. Yeye ndiye aliyekuwa naye hadi mwisho. Kabla hajapoteza fahamu, alisema nini kuhusu mimi?

Wifi alifungua mdomo, akaufunga. Mwanamke huyu hajawahi kupima neno maisha yake yote, na sasa nilimwona analipima, analirudisha, analipima tena. Jibu lote nilikuwa nimelipata hapohapo. Nikamshika mkono kabla hajalitamka.

"Wifi," nilimwambia, "nidanganye."

Alinikazia macho.

"Alikuita," alisema. "Alisema... uje wewe mwenyewe umpe maji."

Aliusema vibaya uongo wake, macho yakiwa sakafuni, sauti si yake. Hakuwa na mazoezi. Nikaweka kichwa begani kwake nikalia, naye akaendelea, akaongeza hiki na kile, kwamba alinitaja kwa jina, kwamba alinitetea, kwamba alitabasamu. Kila aliponyamaza nilimuuliza, "Halafu?", naye akatafuta kingine cha kuniambia.