Niru ya Mkwe Wangu

Ng'ombe wangu alikuwa amebakiza wiki tano azae, na banda lake halikuwa na sakafu ya kuiamini. Mwaka jana mwenzake aliteleza kwenye zege la zamani lililolika likawa laini. Miguu ya nyuma ikaenda kila mmoja njia yake, hakuinuka tena, tukamchinja siku hiyo hiyo. Huyu mmoja aliyebaki, na ndama tumboni, sikutaka kubahatisha.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, ni fundi. Wanamwita Fundi Kioo, maana sakafu akiimaliza unaweza kujitazama ukachana nywele. Aliposikia natafuta mtu, alikuja mwenyewe na mwiko wake na pima maji.

"Mama, ukimwita fundi mwingine, mimi uso wangu nitauweka wapi?"

Siku mbili alizimalizia chini tu: kuvunja zege la zamani, kupanga mawe, kuyashindilia kwa gogo mpaka ukiyakanyaga hayatikisiki. Akavuta kamba kutoka ukutani hadi mtaroni, upande mmoja ukashuka kidogo ili mkojo usituame. Siku ya tatu asubuhi tukachanganya zege: ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Kokoto niliziosha mwenyewe. Maji aliyapima kama dawa ya mtoto mchanga.

"Zege likilewa maji halina nguvu, Mama," akasema, akaninyang'anya ndoo.

Binti yangu alisukuma toroli. Mimi nilishika ncha moja ya ubao wa kusawazishia, mkwe akashika nyingine, tukawa tunavuta huku na huku kama wapasua mbao. Ilipofika saa nne zege lilikuwa limekaa, nene inchi nne, sawasawa.

Nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Hapo ndipo nilipokosea, maana niliondoka bila kusema nataka limaliziweje. Nilidhani kila mtu anajua.

Niliporudi nilimkuta amepiga magoti juu ya kipande cha ubao, anapaka niru, ile simenti tupu ya kung'arishia sebule. Nusu ya banda ilikuwa imeshaanza kumeremeta.

"Nakufanyia sakafu ya wageni, Mama," akasema bila kugeuka. "Hata ng'ombe ajue kuwa ana mkwe."

Nikatua mzigo wa majani. Mkwe humkemei kama mtoto uliyemzaa. Nikamfuata binti yangu jikoni.

"Mwambie mumeo aache."

"Aache nini?"

"Anapaka banda niru. Ng'ombe atapasuka msamba kama yule."

"Mwambie wewe, Mama. Mimi nikimwambia kazi yake mbaya, leo tutalala mzungu wa nne."

"Basi njoo usimame karibu."

"Nisimame kama shahidi au kama refa?"

Simenti haingoji mtu. Nikapita mlangoni mwa banda, nikabonyeza kwa kidole gumba: pale alipoanzia palikuwa pameshaanza kuwa pagumu. Nikachukua ndoo, nikakoroga samadi na maji, nikaimwaga yote barazani. Baraza hilo alilipaka niru mkwe mwenyewe, mwaka aliooa.

"Mama!" binti yangu akapiga kelele. "Nimetoka kupiga deki sasa hivi!"

"Utapiga tena. Baba," nikamwita mkwe, "nisaidie jambo moja. Beba hizo ndoo mbili za mchanga, univukie hapa mpaka ule upande."

Alinitazama kama anayejiuliza kama mama mkwe ameanza kuchanganyikiwa. Lakini adabu anayo. Akazibeba. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu buti likamkimbia, akakaa kitako puu, mchanga wote mapajani. Binti yangu aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Wewe una akili za kuangalia unapokanyaga," nikamwambia. "Yeye ana mimba, ana kwato, na uchafu huo anaukanyaga kila siku."

Akajikung'uta mchanga, samadi inamchuruzika.

"Si ungesema tu, Mama?"

"Ningesema, ungeniambia utaipunguza kidogo."

Akafikiri. "Kweli. Ningesema hivyo hivyo."

Akainuka, akakimbilia bandani bila hata kunawa. Niru ambayo bado ilikuwa mbichi aliikwangua kwa ukingo wa mwiko, akavuta fagio la vijiti juu ya zege, mstari baada ya mstari, akiikingamia njia ya ng'ombe. Palitoka mikwaruzo mizuri ya kushika kwato. Lakini pale mlangoni fagio lilipita kama juu ya sahani. Alilitupa, akakuna kichwa.

"Hapa nimejifunga mwenyewe."

Tulilifunika zege kwa magunia, tukawa tunayamwagilia asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Lilipokomaa alirudi na nyundo na tindo, akakaa mlangoni siku moja na nusu anachonga mifereji midogo, upana wa kidole. Malengelenge yalimtoka mkononi. Hakunung'unika, na mimi sikumwambia pole nyingi.

Siku ya kumwingiza ng'ombe, nilimshika kamba mimi. Alinusa mlangoni, akapuliza, akatia mguu mmoja kwenye ile mifereji. Ukashika. Akaingia mpaka hori, akala, kisha akalala. Binti yangu alituita kwenye chakula.

"Nendeni," mkwe akasema. "Mimi nangoja ainuke."

Nikangoja naye, maana alikuwa amewaza vyema: ng'ombe huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, na mzigo wote huwa hapo. Tulikaa karibu saa nzima. Hatimaye ng'ombe alijivuta, akainua matako, kwato za nyuma zikasukuma zege, zikakwaruza kidogo, zikatulia. Kisha miguu ya mbele. Akasimama, tumbo zito linaning'inia, akarudi kwenye majani yake.

Mkwe wangu akashusha pumzi.

"Sasa twende tukale, Mama."