Gauni la Mkono Mmoja

Mkwe wangu aliapa kuwapigia simu watu wa uhamiaji waje wamchukue fundi cherehani wa chumba cha mbele, maana fundi ni mgeni na kibali cha kazi hana.

"Hawa ndio wanaotumalizia kazi, mama," alisema.

"Kazi ipi, mwanangu? Wewe hata kifungo nakushonea mimi."

"Sheria ni sheria. Akishamaliza gauni langu tu, napiga."

Gauni lilikuwa la harusi ya dada yake, na lilikuwa limebakia mkono mmoja. Nikajikongoja mpaka kwa fundi.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Lina mkono ila halishiki. Likipata wa pili, wewe unarudishwa kwenu."

Fundi alilitazama gauni lililotundikwa ukutani. Akauchukua ule mkono wa pili aliokwisha kuukata, akautia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

Kila mkwe wangu alipopita kuuliza, alijibiwa vilevile.

"Uzi wa rangi hii umeadimika, dada. Vuta subira."

"Mzembe mkubwa wewe! Shukuru Mungu gauni langu halijaisha."

"Nashukuru sana, dada."

Siku ya harusi ikafika. Mkwe wangu alilivaa hivyohivyo, bega moja wazi, amenuna. Wanawake wakamzunguka, wakamuuliza mtindo ule kashonewa wapi.

Alinitazama, akainua kidevu.

"Nina fundi wangu," akasema.

Simu hajapiga bado. Anasema gauni halijaisha.